Mama Miguu na Maumivu Yasiyotokea Kwenye Picha

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi mwandamizi wa karakana yetu ya viungo bandia anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Jina lake la vyeti lipo na litasomwa jukwaani siku ya sherehe, lakini ukiliulizia getini leo, mlinzi atakuna kichwa. Ukimuulizia Mama Miguu, atakuonyesha mpaka dirisha lake.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu huu kwa kuwa meza yangu ya kazi imepakana na yake kwa muda mrefu kuliko ndoa za baadhi ya wanakamati. Walitaka kurasa chache za furaha. Furaha ipo, tena tele. Lakini mwenyewe alinishika mkono akaniambia, "Ukiandika, usiuruke ugonjwa. Ukiuruka, utakuwa umeandika habari za mtu mwingine." Basi sitauruka. Wenye haraka ya keki watuvumilie.

Mama Miguu alizaliwa katika nyumba ya fundi viatu. Hupenda kusema kwamba baba yake aliivisha miguu, yeye akaona bora aitengeneze kabisa. Alisomea useremala chuoni, mwanamke pekee darasani, na alipoajiriwa hapa miguu ya bandia ilikuwa bado ikichongwa kwa mbao. Mkuu wa karakana wa wakati huo, Mungu amrehemu, aliviangalia vidole vyake vyembamba, akampa msasa na kona ya kukaa. Alisugua mbao za wenzake mpaka kucha zikaisha. Siku fundi mmoja alipougua, alipewa mguu wa tarishi fulani aumalizie, na hapo kona ikawa imekwisha.

Wazee wa karakana wanasimulia kwamba tarishi yule alirudi baada ya wiki moja akiwa amekunja uso. Walidhani mguu umevunjika. Kumbe alikuja kushtaki kwamba mguu wa yule dada unatembea vizuri kuliko aliozaliwa nao, na sasa ule wa Mungu ndio unaochechemea.

Baadaye akaja bibi harusi aliyetaka kuvaa viatu vyenye visigino virefu. Sote tulimwambia haiwezekani. Mama Miguu alimtengenezea nyayo mbili za kubadilisha, moja ya kutembelea na moja ya kuchezea muziki. Ukumbini, mashangazi wa bwana harusi walimtaka kijana wao aonyeshe mguu upi ni wa bandia. Akaonyesha. Akakosea.

Mbao zilipopisha plastiki, na plastiki ikaja na gundi zake na resini zinazopanda puani, yeye ndiye aliyemfuata mkuu wa karakana kila Jumatatu mpaka tukapata feni za kutolea hewa na barakoa za maana. Amefundisha mafundi waliotawanyika katika hospitali nyingi. Ukimkuta fundi yeyote anayeanza kwa kumuuliza mteja, "Leo unaumwa wapi?" kabla hajagusa utepe wa kupimia, ujue amepitia mikononi mwake.

Swali hilo si la adabu tu. Wateja wetu wengi huumwa na mguu ambao haupo. Mtu amekatwa chini ya goti, lakini dole gumba linamwasha, kisigino kinamchoma kama kimekanyaga kaa la moto, naye akishusha mkono ajikune anakuta hewa. Wengi huona haya kusema, wakihofia kuitwa wendawazimu. Mama Miguu alikuwa akivuta kiti, anakaa, anawasikiliza. Alikuwa akiwaambia, "Mguu umeondoka, ila habari zake bado zinafika." Nimewaona watu wazima, wenye vyeo vyao, wakilia kwa kuambiwa neno hilo tu.

Sasa nije kwenye yale aliyonitaka nisiyaruke.

Ilianza mabegani, miaka kama tisa iliyopita. Tulisema ni kazi. Nani mwenye mabega mazima humu ndani? Ikashuka mgongoni, ikaingia nyongani, ikakaa kwenye viganja. Akawa anaamka amechoka kuliko alivyolala. Alikuwa akiingia asubuhi akitembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili zilizojaa, anaogopa zisimwagike. Sisi na utani wetu tulimuuliza, "Mama Miguu, leo umevaa mguu wa nani?" Mwanzoni alicheka. Halafu akawa anacheka kwa kuchelewa. Mwishowe hakucheka, nasi tukaacha kuuliza.

Alikwenda hospitali. Picha ya mabega ikaonekana safi. Ya nyonga, safi. Vipimo vya baridi yabisi havikuonyesha kitu. Mtu mwingine angefurahi, lakini kila majibu yaliyosema "hakuna tatizo" yalimwongezea wasiwasi, kwa sababu tatizo lilikuwa limekaa naye hapo hapo kwenye benchi.

"Heri ningevunjika," aliniambia siku moja tukisubiri plasta ikauke. "Mfupa uliovunjika una picha yake. Mimi naumwa na kitu kisichopiga picha."

Mumewe, dereva mstaafu wa kreni, ni mtu mwema, lakini ni mtu wa kuamini anachokiona kutoka juu. "Mama watoto," alikuwa akimwambia, "si umesikia daktari? Huna kitu. Pumzika." Yeye alipumzika, maumivu hayakupumzika. Akajifunza kuumwa kimya kimya, na kwa mwanamke aliyezoea kusikiliza maumivu ya wengine, nadhani hicho ndicho kilichomchosha zaidi.

Baada ya kuzunguka sana, daktari mmoja wa maumivu alimbonyeza huku na huku, akamuuliza maswali marefu, akamwambia kwamba hali yake ina jina: fibromialgia. Alimweleza kwamba ni maumivu sugu ya mwili mzima. Usingizi haupumzishi, uchovu hauondoki, na hakuna jeraha la kumwonyesha mtu. Jina lilimpa nafuu kidogo. Hata mbwa anayekubwekea, ukimjua jina, unaweza kumwita atulie. Akapewa ushauri na dawa, naye akaendelea na kazi, akiongezea vidonge vya maumivu vya dukani siku ambazo benchi lilikuwa kali.

Mwasho ulikuja baadaye. Viganja, nyayo, kisha mikono mizima, bila upele hata mmoja. Tulilaumu vumbi la plasta. Alijikuna kwa rula, akajikuna kwa kona ya meza, mpaka ngozi ya mikono ikaingia michirizi myeusi. Akawa anavaa mikono mirefu hata siku za joto.

Aliyeifichua siri hiyo alikuwa mteja. Ni mshonaji wa nguo aliyekatwa mguu baada ya ajali, mtu wa maneno mengi na cherehani mbili. Alikuwa amekuja kurekebishiwa kikombe cha mguu, yaani ile sehemu inayopokea kigutu. Mama Miguu alipoinama kumpima, mkono wa shati ukapanda.

"Bibi fundi, mikono hiyo imeparuzwa na nini?"

"Vumbi la plasta. Nyoosha goti."

"Vumbi limeanza lini kuchagua mtu mmoja? Mbona wenzako hawajikuni?"

"Mzee, goti."

Mshonaji akagoma kunyoosha goti. Karakana nzima ikawa inasikiliza huku inajifanya haisikilizi.

"Mimi nilikuja hapa nikilia kidole kilichokwishazikwa," akasema. "Nyumbani waliniambia nimerukwa na akili. Wewe hukucheka. Ulikaa hapo hapo ulipo, ukaniuliza kinauma wakati gani na kinaumaje. Sasa wewe nani anakuuliza?"

Mama Miguu aliweka utepe chini. "Nimeulizwa sana, mzee wangu. Nimechoka kuulizwa halafu naambiwa sina kitu."

"Basi nenda ukachoke mara moja zaidi. Mguu wangu utasubiri. Hauna pa kwenda."

Hapo hata yeye alicheka, na kesho yake akaenda.

Safari hii walimpima damu kwa mapana zaidi, na vipimo vya ini vikarudi vimepanda. Daktari wa zamu alimuuliza maswali matatu, ya kawaida kabisa kwa daktari: je, anakunywa pombe, vidonge vya maumivu anameza kiasi gani, na kazini anashika kemikali gani. Maswali yale matatu yalitoka naye hospitalini, kila moja likashika njia yake.

La kwanza lilifika mtaani kabla yake. Ini, kwa wengi wetu, maana yake ni chupa. "Kumbe Mama Miguu anapiga maji!" ilisemwa kwenye foleni ya maji, ikasemwa saluni, ikasemwa na watu waliokuwa wakimheshimu tangu wakiwa na kamasi. Mwanamke huyu harusini hunywa soda moja, nayo huigawa.

La pili lilibaki nyumbani. Mumewe alikusanya vidonge vyote kutoka kwenye mkoba, kwenye droo na nyuma ya redio, akaviweka mezani, akakaa akivitazama. Maana ikiwa ini limeharibiwa na vidonge, basi alikuwa akivimeza kwa sababu ya maumivu ambayo yeye mumewe alikuwa akisema hayapo.

La tatu likatupata sisi. Ikiwa gundi imeliharibu ini la aliyetupigania feni, je, sisi tuliokuwa tukivua barakoa ili tunywe chai? Tuliingiwa na hofu ambayo sijawahi kuiona humu ndani. Fundi mmoja alianza kujitazama weupe wa macho kwenye bati linalong'aa, aone kama umegeuka manjano. Mimi nilikuwa najitazama kwenye kioo cha gari la mkuu kila asubuhi, nikivuta kope chini kama ninayetafuta unyasi. Mtu akikohoa, wote tunageuka. Mtu akisema amechoka, hakuna anayemtania. Chumba cha gundi kilifungwa, sote tukatolewa damu, na wateja waliokuja kufuata miguu yao walirudi makwao na magongo yale yale.

Likazuka na la nne, ambalo halikuulizwa na daktari yeyote: je, ugonjwa wa ini unaambukiza? Vikombe vya kantini vikaanza kutengana. Kikombe cha Mama Miguu, cha bluu kilichobanduka ukingo, kikawa kinakaa peke yake kwenye rafu.

Mkuu wa karakana aliitisha kikao palepale kantini. Kabla hajafungua mdomo, Mama Miguu alisimama.

"Aliyeniona baa aniambie nilikunywa nini," alisema, "nami nijue kama kilikuwa kitamu." Watu wakacheka kwa aibu. Akaendelea. "Naogopa kama ninyi. Pengine zaidi. Mmeniuliza machoni kama naambukiza. Sijui. Bado sijaambiwa. Nikijua, mtajua siku hiyo hiyo. Kikombe changu kile pale. Anayekiogopa asikiguse, sitamlaumu."

Mama wa kantini akatoka nyuma ya kaunta, akakichukua kikombe cha bluu, akakimiminia chai, akanywa yeye mwenyewe mpaka nusu, akafuta midomo. "Haya," akasema, "kikao kimekwisha. Kuna watu nje wanasubiri miguu."

Majibu yetu yalikuja kwanza. Siku hiyo hakuna aliyekunywa chai yake ikiwa ya moto. Sote tulikuwa salama. Tulikumbatiana, kisha tukamwona amesimama mlangoni anatufurahia, nasi tukaachiana mikono, kwa sababu majibu yake yalikuwa bado.

Alipelekwa kwa daktari bingwa wa ini, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alipimwa aina nyingine za damu, akapigwa altrasaundi, akachomwa sindano ya kutoa kipande kidogo cha ini. Wiki za kusubiri zilimkondesha. Aliniambia kwamba akifumba macho anaona ini lake kama mbao iliyoingiwa na wadudu, kwa nje imesimama, ndani unga. Siku ya majibu alikwenda na mumewe, na mumewe ndiye aliyenisimulia yaliyosemwa chumbani mle, tena neno kwa neno, kama mtu anayetaka yamtoke.

"Mama," daktari alisema, "mwili una askari wake. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Kwako wamekosea njia, wanashambulia mirija midogo ya nyongo ndani ya ini lako mwenyewe. Huu mwasho na sehemu ya uchovu vinatoka huko. Si pombe. Sioni sababu ya kulaumu vidonge wala gundi yenu. Na huwezi kumwambukiza mtu."

"Kwa hiyo adui yangu ni mimi?"

Mumewe, kwa kuchanganyikiwa, akaropoka, "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguoni?" Mama Miguu akamgeukia. "Huyu wangu yuko mpaka chini ya ngozi."

Daktari alicheka kidogo, kisha Mama Miguu akauliza lile lililompeleka pale. "Na maumivu yangu ya miaka yote? Mabega, mgongo, nyonga? Ndiyo haya haya?"

"Ningependa nikupe jibu fupi," daktari alisema, "lakini litakuwa la uongo. Wagonjwa wenye ini kama lako hulalamikia maumivu ya viungo na misuli, na wengine huambiwa wana fibromialgia kama wewe. Tafiti kadhaa zimeyaona mambo haya mawili yakitembea pamoja. Huenda askari wale wale wanachokoza na mishipa ya fahamu. Huenda uchovu wa ini unaufanya mwili uhisi maumivu kwa ukali zaidi. Huenda pia umepata magonjwa mawili tu, kama mtu anavyopata wageni wawili siku moja. Kuwaona watu wawili njiani si kujua nani kamwalika mwenzake."

"Ukilitibu ini, maumivu yataisha?"

"Tutalitibu ini kwa sababu ini linahitaji kutibiwa. Kuhusu maumivu, siwezi kukuahidi. Ila nakuamini kwamba yapo."

Koridoni, aliyelia hakuwa mgonjwa. Dereva wa kreni alijishika ukutani akasema, "Kumbe ulikuwa unaumwa."

"Nilikwambia," mkewe alimjibu, akampa leso.

Siku hiyo hiyo alipita karakanani, kama alivyoahidi, akatuambia sote kwa pamoja kwamba haambukizi. Chumba cha gundi kilikuwa kimeshafunguliwa, na hofu iliyokuwa imetukalia ikaondoka. Kwake ilibaki. Alipewa kidonge cha nyongo cha kumeza kila siku, pengine maisha yake yote, na kila baada ya miezi kadhaa anatolewa damu. Wiki inayotangulia kipimo tunaijua hata asipotuambia: anapima mguu mara mbili, anasahau penseli sikioni, anaulizwa habari za nyumbani anajibu habari za plasta.

Baada ya mwaka, vipimo vya ini vilishuka vizuri. Mwasho ukapungua. Tulimnunulia keki. Alikata kipande, akakaa kwenye stuli yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ini limetulia. Mgongo hauna habari."

Nilimwona amekata tamaa siku ile kuliko siku ya majibu. Alikuwa amejiambia kwamba mambo yote yana chanzo kimoja, na kwamba kikikamatwa, nyumba nzima italala. "Nilidhani nimemkamata mwizi," alisema. "Kumbe ni wawili, na wala sijui kama wanafahamiana."

Hakukaa na huzuni hiyo muda mrefu, au alikaa nayo huku akifanya kazi. Alirudi kwa yule daktari wa maumivu. Akajifunza kutembea kidogo kila siku badala ya kujilaza siku mbili na kujiua kwa kazi siku ya tatu. Tulilishusha benchi lake, tukamwekea stuli yenye mgongo, na kazi za kusaga tukagawana. Kuna watu waliosema sasa atakuwa mzigo. Katika miaka minne iliyofuata alitengeneza baadhi ya miguu bora iliyowahi kutoka mlango huu, na akawatoa mafundi watatu wanaojitegemea.

Pia alianzisha kile kikao cha Jumatano kwenye chumba cha kujaribia miguu. Hakikuwa na jina wala mwenyekiti. Walikuja waliokatwa viungo, wakaja na wenye viungo vyote: wenye migongo, wenye fibromialgia, mama mmoja mwenye ini kama lake. Kila mmoja alisema anapoumwa, na hakuna aliyeruhusiwa kumwambia mwenzake "ni mawazo tu." Mshonaji alijiteua kuwa mlinzi wa sheria hiyo, kwa gongo.

Nilidhani wasiwasi mkubwa wa maisha yake ulikuwa umeshapita. Haukuwa umepita.

Binti yake mkubwa ni msusi. Husimama kutwa mikono ikiwa juu, na kwa hiyo aliposema mabega yanamuuma, hakuna aliyeshtuka ila mama yake. Kisha akasema amechoka hata Jumapili. Kisha, mapema mwaka huu, wakiwa mezani, Mama Miguu alimwona akikuna kiganja. Alikikuna mara moja tu. Aliniambia kijiko kilimwanguka.

Mtu aliyebeba ugonjwa wake kwa utani alishindwa kubeba wazo hili. Alizima mashine katikati ya kazi, akashika benchi kwa mikono miwili. "Daktari alisema magonjwa haya wakati mwingine hutembea kwenye ukoo," alisema. "Miguu ya watu nimeitengeneza kwa vipimo. Mtoto wangu mwenyewe nimempa nini?"

Nilimwambia hajampa kitu, kwamba kiganja huwasha kwa mafuta ya nywele. Hakunisikia.

Binti alikataa kupimwa. "Mama, kila anayechoka si ini. Mimi ninasuka vichwa sita kwa siku, nisiumwe?"

"Pengine ndivyo. Nenda wakwambie ndivyo."

"Na wakiniambia sivyo? Nitaishi kama wewe, kila baada ya miezi michache nakuwa kama mtu anayesubiri hukumu?"

Binti alikuwa amesema kweli, na mama yake alilijua hilo. Walikaa siku nyingi wakizungumza habari za mboga. Aliyelitatua jambo hilo ni baba, aliyewahi kukosea mara moja. Alimfuata binti yake saluni, akakaa kati ya wateja, akasubiri mpaka amalize kichwa, akasema, "Mama yako alisema anaumwa, mimi nikasema apumzike. Wewe ukisema unaumwa, mimi nitakusindikiza. Vaa viatu."

Majibu yalikuja wiki sita zilizopita. Ini la binti ni zima na vipimo vyake vyote ni vya kawaida. Lakini katika damu yake wameonekana askari wale wale waliopotea njia. Daktari aliwaeleza kwamba wapo watu wanaoishi na alama hiyo bila ini lao kuugua kamwe, na wapo ambao ugonjwa huja baadaye. Hakuna awezaye kusema binti ataangukia upande gani, wala kama maumivu ya mabega yake yanahusiana na damu hiyo au ni vichwa sita tu. Atapimwa kila mwaka. Basi.

"Huenda," Mama Miguu alinieleza. "Nimerudi nyumbani na neno moja, huenda. Nilienda na mtoto mmoja na hofu moja, nimerudi na vyote viwili, ila sasa hofu ina tarehe ya kliniki."

Uongozi ulimpa nafasi ya kuongezewa mkataba baada ya kustaafu. Tulimsihi akubali. Alituambia hapana, kwa upole, na sababu alizozitaja ni mbili. Mwili wake unataka asubuhi zisizo na kengele. Na binti yake amemwomba awe anakaa naye saluni mchana, si kwa kuumwa, bali kwa kupiga soga, na mwanamke aliyechukua muda mrefu kuaminiwa hawezi kukataa anapoitwa na anayemwamini. Jumatano ataendelea kuja. Kiti chake hatutampa mtu.

Mama Miguu, kwa niaba ya mafundi wote, wa mbao na wa plastiki, kwa niaba ya tarishi, bibi harusi na mumewe asiyejua mguu, mshonaji na wote wanaotembea leo mijini bila kujulikana kwamba wametembezwa na wewe, tunakushukuru. Asante kwa kazi. Asante kwa kutuambia unaogopa, wakati nasi tulikuwa tunaogopa tusijue pa kuipeleka hofu yetu. Mwenyezi Mungu akupe usingizi unaopumzisha, ini lenye subira, na mgongo utakaokukopesha siku njema nyingi kuliko zile zilizopita. Maisha yako mapya yawe mema, wewe na wako wote.

Tumesikia kwamba mwezi ujao wewe na binti yako mtatolewa damu siku moja, benchi moja. Majibu yakitoka, yawe yoyote, tupigie. Simu ya karakana iko karibu na mashine ya kusaga na ikilia haisikiki. Siku hiyo mashine itakuwa imezimwa tangu asubuhi.